Gramu Kumi na Nne za Uongo

Baba alitaka zile za duara,
silinda tisa zimepangana kama petali za alizeti,
kwa kuwa ndivyo alivyoziona, anasema,
mwaka ambao haukumbuki:
ndege imetua juu ya maji mbele ya Katonga,
ikapanda mchangani kwa magurudumu yake
kama bata aliyechoka kuogelea.

Mimi nilikuwa na mota mbili za redio kaseti.

Baba ni fundi wa mashine za boti, hapa Kibirizi.
Miaka thelathini ya mlio imemla masikio,
sasa husikiliza kwa kidole.
Mimi natengeneza simu. Usiku natengeneza ndege.

Mwili niliuchonga kwenye boksi jeupe la kusafirishia migebuka
(harufu haijatoka mpaka leo),
mkuku wa mwanzi, mataruma ya njiti za mishikaki,
kalafati ya gundi na unga wa msumeno.
Moja kwa ishirini na nne
ya kitu alichokiona mtu mmoja tu nyumba nzima.

Mota za kaseti zilivuma kama nzi ndani ya chupa.
Ziwa halikujua kama tumefika.
Nikazing'oa.

Kushoto nikafunga mota ya kikaushia nywele
kutoka saluni ya Mama Ruhaga,
kulia ya kigari cha mtoto wa Gwassa.
Kwetu Uha pacha hawatafutiwi majina:
wa kwanza Bukuru, wa pili Butoyi.
Nikawaandika kwa kalamu ya wino chini ya mabawa.
Nikawatia majini.

Ikazunguka kulia. Ikazunguka tena kulia.
Watoto wa mwaloni wakashika mbavu:
"Da Skola, ndege yako imeangusha hereni?"
Baba akaingia maji hadi magotini,
akaweka kidole juu ya bawa, akafumba macho.
"Bukuru anafanya kazi ya wawili," alisema,
"Butoyi anapokea mshahara."

Nikapunguza pangaboi la Bukuru, upana wa ukucha.
Kesho yake ukucha mwingine.
Siku ya tano wakalingana, ndiyo,
wakalingana kwa udhaifu.

Halafu droni ya wapima ardhi ikaanguka Bangwe,
na kijana mmoja akaniletea maiti yake
tubadilishane kwa chaja.
Mota nyembamba, hazina brashi, hazina adabu,
zinaamka kabla hujazisalimia.
Nikaziinua juu ya mabawa, kila moja na shingo yake,
maana rasharasha za omo zilikuwa zinatafuna mapangaboi.
Pua ikazama. Nikabandika sarafu ya hamsini mkiani.
Betri, za simu tatu zilizopasuka vioo.

"Hizi si duara," alisema Baba.

Wiki mbili. Vifuniko kumi na nane vya kalamu,
kila kimoja nimekizungushia uzi mweusi,
mizunguko kumi na mmoja,
uwe mapezi ya kupozea joto ambalo halipo.
Nikavipanga tisa tisa kuzunguka mota za droni.
Nilivipima kwa mzani wa duka la dawa:
gramu kumi na nne za uongo.

Jumapili, kabla upepo haujaamka,
ndege ikakimbia.
Maji yalilishika tumbo lake kama anayedai,
yakashika, yakashika,
yakaachia.

Kimo cha kiganja. Muda wa kutaja jina lako na la baba yako.
Kisha ikakaa tena, ikapiga chafya,
ikapanda mchangani kwa magurudumu yake
mpaka kwenye vidole vya miguu ya mzee.

Watoto kimya. Hata Gwassa mwenyewe kimya.
Baba akachuchumaa, akagusa Butoyi, bado ana joto,
akahesabu vifuniko kwa kidole, akafika tisa,
akarudia.
"Duara ndizo hizi," alisema.
"Ila mlio siyo ule."

Yeye, ambaye nikimwita chakula nagonga meza.

Sikubisha. Nilikausha mkuku kwa khanga.
Jumatatu nikaanza kukusanya makopo:
la maziwa, la rangi, la nyanya,
nayagonga moja moja sikioni mwangu,
kisha naenda kuyaweka chini ya kidole chake.

Mpaka sasa, la maziwa ndilo limemfanya akunje uso.